Yaya Hakuulizwa

Jumatatu, 5 Julai 1954

Madaftari arubaini na mawili ya darasa la tano. Nimemaliza. Wasichana watatu wameandika insha moja, mpaka makosa ni yale yale. Nimewapa sifuri moja, wagawane.

Baada ya chai nimerudi kwenye kadi. Zimefika kumi na moja ndani ya bati la biskuti. Mwalimu Mkuu anatengeneza kijitabu cha walimu. Kila mmoja wetu achague neno fupi, alifuate lilikotoka na linakosemwa, aandike kurasa mbili. Wenzangu wamejichukulia chai, meza na duka. Mimi nimechukua yaya. Nilidhani ni jepesi. Mjinga mimi.

Kanuni yangu ni moja. Anayenipa maana namwandikia kadi mbele ya macho yake: neno, lugha, jina lake, alilisikia kwa nani. Kisha namsomea. Akisema "ndivyo", kadi inaingia kwenye bati. Asiposema, naichana hapo hapo.

Fundi cherehani wa chini ya nyumba yetu, mtu wa Goa ya Wareno, anasema neno ni la Kireno, aia, mwanamke wa kulea watoto wa wakubwa, na Wareno ndio waliolipeleka Bara Hindi. Jirani yetu wa Kihindi wa ghorofa ya juu anasema ni lao, aya, na huyo fundi arudi kwenye suruali zake. Wamegombana ngazini kwa ajili yangu. Nimewaandika wote wawili, na kila mmoja amesema ndivyo huku anamtazama mwenziwe.

Mama hapendi. Siku ishirini na nne zimebaki harusi, anasema, na bibi harusi anakimbizana na mayaya ya watu. Nimemwambia yaya hana mguu wa kukimbia. Hakucheka.

Jumatano, 7 Julai

Nimempata Mzee Haji, baba yake mwalimu mwenzangu. Mtu wa Tumbatu. Alikuwa akichochea moto kwenye meli za Wazungu miaka ishirini, na kila bandari ameondoka na neno na ugomvi. Nilimwandikia kadi tatu bila kunyanyua mkono. Kwa Wagiriki, yaya ni bibi, mama yake mama au mama yake baba. Kwa Wamalei, ayah ni baba, na alipata kucheka peke yake Singapuri aliposikia jitu la masharubu linaitwa hivyo na watoto wake. Manila yaya ni yaya, vile vile kama kwetu, anabeba mtoto wa mwingine na wake kamwacha kwao.

Ndivyo, ndivyo, ndivyo. Halafu akaniomba tumbaku.

Bibi, baba, mlezi. Neno silabi mbili tu, na kila nyumba limepewa kazi yake. Nimeanza kulipenda.

Barua ya Seif imekuja kwa mkono wa Abdalla, kaka yangu. Seif ndiye mchumba wangu. Ni mpima ardhi, wiki hii yuko Bwejuu na kamba zake. Ameandika kwamba bwana wake ana kamusi la Kituruki, na humo yaya ni mtu anayekwenda kwa miguu. "Basi yaya wako mwingine ni mimi," ameandika, "maana leo nimetembea tangu alfajiri na viatu vimekufa." Nimeisoma mara nne. Nampenda. Nimeliandika, sasa lipo.

Kamusi halisemi ndivyo. Lakini kadi yake nimeitia kwenye bati. Kanuni ni yangu, naivunja mwenyewe.

Ijumaa, 9 Julai

Nitaandika kwa utaratibu.

Baada ya sala nilipanda gari ya shamba, nikashuka Mtoni. Bi Mizi anakaa nyuma kidogo ya magofu ya kasri, nyumba ya udongo, uwanja umefagiwa mpaka unaona haya kukanyaga. Yeye alikuwa yaya wangu. Maziwa ya Mama yalikauka nilipotimia siku arubaini, na Bi Mizi ndiye aliyeninyonyesha mpaka nikatembea. Mama hulitaja jambo hili kwa mdomo wa pembeni. Sikuwa nimekwenda kumwona miaka miwili. Aibu yangu.

Nilimwamkia. "Marahaba, mwanangu, umekonda," alisema, akanikaangia mihogo kabla sijakaa.

Kadi ya kwanza ilikwenda vizuri. Mama yake alikuwa Mmanyema, aliletwa huku mdogo, hakuja kwa hiari yake. Kwao yaya ni ndugu mkubwa, wa kike au wa kiume. Kaka yake alibaki kule. Mpaka mama huyo anakufa hapa Unguja alikuwa akimtaja, yaya wangu, yaya wangu, na watu wa mjini wakidhani anamlilia mlezi. Nimeandika. Nimesoma. Ndivyo.

Kisha nikauliza swali nililokuwa nawauliza wote: je, yaya anayebeba tu na yaya anayenyonyesha wanaitwa jina moja? Akasema jina ni moja, kazi ni mbili. Nikauliza, wewe umewanyonyesha nani? Akahesabu kwa vidole. Juma, mwanawe. Mimi. Mtoto mmoja wa Kihindi siku moja tu, akatapika. Na Seif.

Nikauliza Seif yupi.

"Seif wa Bi Thuwaiba, wa Malindi. Kabla yako wewe. Mama yake kalazwa hospitali na homa, mtoto kabaki na bibi yake. Mimi nlikuwa nnafua nguo nyumba ya pili, Juma yuko mgongoni, maziwa yananitoka mpaka kwenye kanga. Yule bibi akanambia, Mizi, mpe na huyu. Nkampa mpaka mama yake alipotoka."

Niliandika. Sijui niliandikaje. Nikamsomea, sauti ya mtu mwingine. Akaitikia kwa kichwa.

"Ndivyo," alisema. "Nnasikia unaolewa, mwanangu. Nani huyo?"

Nilisema nitamletea mwaliko. Niliacha mihogo. Nimelikimbilia gari mpaka kiatu kikanivuka.

Jumamosi, 10 Julai

Sikwenda skuli. Nimesema kichwa. Kichwa ni kizima.

Mimi na Seif tumenyonya ziwa moja. Basi ni ndugu. Ndugu hawaoani. Hili mtoto wa chuo cha Kurani analijua.

Na walijihadhari. Hilo ndilo linalonitia hasira. Walipokuja kuposa, Bi Thuwaiba alimuuliza Mama mbele yangu: uliwahi kumnyonyesha mwanangu hata siku moja? Mama akasema la. Mama naye akauliza, akajibiwa la. Wakashukuru Mungu, wakanywa sharubati. Mama kwa mama walihojiana. Yaya hakuna aliyemuuliza. Hata mimi niliyekuwa nimekaa pale na masikio mawili, niliyelelewa na maziwa yake, halikunijia.

Kadi iko ndani ya bati. Nimeifunua na kuifunika mara nyingi leo.

Hakuna ajuaye ila mimi. Bi Mizi anajua nusu, hajui naolewa na nani. Bibi wa Seif kafa. Bi Thuwaiba alikuwa hospitali, pengine aliambiwa mtoto alipewa maziwa ya mbuzi. Ni kipande cha karatasi kimoja tu.

Jumatatu, 12 Julai

Nimekwenda kwa sheikh aliyenisomesha udogoni. Nimeuliza kwa jina la kadi, kwamba naandika habari za mayaya na nataka nijue hukumu. Muongo hodari nimekuwa.

Amejibu bila haraka. Kwetu sisi Mashafii mpaka yatimie manyonyo matano yanayojulikana. Ukiingia wasiwasi wa hesabu, nikaha haiharamiki, ila kujiepusha ni bora. Moyo wangu uliruka. Nikauliza, na madhehebu ya Maibadhi? Akasema wenzetu hawahesabu. Tone lililofika tumboni linatosha.

Seif na watu wake ni Maibadhi.

Sheikh alinitazama juu ya miwani. "Kadi yako hiyo, Mwalimu, ina majina?" aliuliza. Nikasema bado. Akasema basi nisiyatie mpaka niwe na hakika, maana jina likishaandikwa lina haki yake.

Nimepita Darajani sikununua nilichotumwa. Mama amenigombeza kwa ajili ya iliki. Nimemwacha agombe.

Jumatano, 14 Julai

Nimerudi Mtoni. Nilikuwa na tumaini moja la kijinga: huenda ni Seif mwingine. Unguja ina Seif wangapi?

Bi Mizi alikuwa anasuka ukili wa mkeka. Nikamuuliza, nyumba ya Malindi ilikuwaje? Akaniambia mlango, ngazi, kisima cha uani, baba yake Seif na kikohozi chake. Akaniambia mtoto alizaliwa na kidole cha ziada mkono wa kushoto, kikafungwa uzi mpaka kikaanguka, kikaacha kijipele. Abdalla amepata kunichekesha kwa habari ya kijipele hicho.

Niliuliza tena. Una hakika? Hukuchanganya? Miaka ishirini na nne, Bi Mizi. Nilikuwa nauliza kama karani wa mahakama. Mkono wake ukasimama kwenye ukili.

"Ndiye huyo unayeolewa naye," alisema. Hakuuliza. Alisema.

Nililia. Sikutaka kulia. Alinifuta kwa ncha ya kanga yake kama mtu anayefuta meza, kwa nguvu. Akaurudia ukili wake. Halafu akasema neno ambalo sitalisahau.

"Mimi mzee, mwanangu. Nkisema nimechanganya watoto, nani atakataa? Yaya anawajua watoto wangapi. Nambie tu unataka nseme nini."

Sikumjibu. Nimeondoka sikumjibu. Sikusema ndiyo, lakini sikusema hapana, na huo si usafi.

Ijumaa, 16 Julai

Bi Thuwaiba ameleta vitambaa. Hariri ya kijani, doriani nyeupe, udi, chupa mbili za mafuta. Wanawake wamejaa nyumbani, kila mmoja anashika kitambaa anasema chake. Somo wangu, mwanamke wa kunifunda, amekuja kupanga siku: Alhamisi ijayo, tarehe ishirini na mbili, naingizwa ndani. Wiki nzima singo ya kusugua mwili na hina, sitoki, sionekani na mtu. Nikishaingia ndani nitakuwa nimenyamaza kwa kitendo. Siku sita.

Bi Thuwaiba alinishika kidevu. Mikono yake laini. Akasema amemwomba Mungu binti miaka yote, akampa mmoja tu wa kiume, na sasa amemlipa. Nilitaka kumtapikia hariri yake.

Barua nyingine ya Seif. Ameuliza yaya wangapi sasa, na kama kurasa mbili zitatosha. Sijajibu.

Jumamosi, 17 Julai

Nimechukua kiberiti. Nimewasha kimoja, nikakitazama kinaisha, kikaniunguza kidole. Kadi sikuichoma. Nilijaribu kufikiri baadaye itakuwaje. Yeye mezani anakula, mimi namtazama nikijua. Watoto. Kila mtoto akiugua nitajua ni kwa nini, hata kama si kwa sababu hiyo. Na Bi Mizi kule Mtoni, amelala na uongo wangu, atakuja kuulizwa siku ya kuulizwa.

Siogopi moto tu. Namwogopa yeye Seif asiyejua. Nitakuwa nimemwingiza mtu ndani na macho kafungwa.

Naandika wazi: nataka kuichoma. Bado nataka.

Jumapili, 18 Julai

Nimemwambia Mama. Tulikuwa peke yetu tunachambua mchele. Nilisema yote kwa pumzi moja.

Aliendelea na mchele, anatoa mawe. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Nani alikutuma kwenda kumuuliza yule kijakazi?"

Kijakazi. Mtu aliyenipa uhai wakati yeye hana. Nilimjibu vibaya. Sikumbuki kila neno, nakumbuka nilisema kama ziwa la kijakazi halihesabiwi basi na mimi sihesabiwi, maana sina jingine. Sinia lilianguka. Mchele ukaenea sakafuni, tukauokota wote wawili, punje kwa punje.

Baadaye alikuja chumbani kwangu. Alisimama mlangoni. Akasema una miaka ishirini na mitatu, Rahma, wenzako wana watoto watatu. Watu watasema tumejua tangu zamani. Ichane hiyo karatasi, na mimi sijasikia kitu.

Alikuwa analia. Sijapata kumwona Mama analia ila siku ya msiba wa Baba. Nilimhurumia na hasira yangu haikutoka. Zimekaa pamoja.

Jumanne, 20 Julai

Nimempa Abdalla kadi ndani ya bahasha ampelekee Seif. Sikuandika barua. Kadi tu, kama ilivyo: neno, majina, ndivyo. Abdalla aliniuliza mbona nimekuwa mweupe. Nikamwambia akimbie.

Sasa iko nje ya mkono wangu. Nimesomesha vipindi vitano na sijui nimesomesha nini.

Jumatano, 21 Julai

Jibu limekuja. Mstari mmoja, maandishi yamelala upande mmoja, si kawaida yake. "Aulizwe mbele ya watu. Nimemwambia Mama."

Hakuna salamu. Hakuna jina langu.

Kesho saa nne, hapa kwetu. Bi Thuwaiba na wanawake watatu wenye akili timamu. Abdalla atamfuata Bi Mizi kwa teksi. Mama amepiga deki nyumba nzima kwa mikono yake, vyumba hata visivyoingiwa.

Bi Mizi atasema nini? Mimi ndiye niliyemwachia swali bila jibu. Huenda kwa kunipenda atajitia mchanganyiko wa uzee, na wote watapumua, na Alhamisi ya wiki ijayo nitaolewa. Nimeomba dua leo, na sijui nimeomba nini.

Alhamisi, 22 Julai

Ilikuwa niingizwe ndani leo.

Walikaa kwenye viti, sebuleni juu. Bi Mizi aliingia na buibui lake la zamani, limepauka mabegani. Mama alimwonyesha mkeka. Alikuwa anakunja magoti kukaa, Bi Thuwaiba akainuka kwenye kiti chake mwenyewe. "Kaa hapa, Bi Mizi," alisema. Bi Mizi alikaa ncha ya kiti, mikono mapajani. Mimi nilikuwa kizingitini, kanga mpaka machoni.

Bi Thuwaiba alimuuliza. Sauti ilikuwa imara, ila pete alikuwa akiizungusha. Ulimnyonyesha mwanangu Seif?

Bi Mizi hakumtazama yeye. Alinitazama mimi. Alitazama muda mrefu mpaka wanawake wengine nao wakageuka.

"Mimi mzee sasa," alianza, taratibu. "Watoto wengi. Pengine nimecha..."

Ningenyamaza tu. Pumzi moja zaidi. Naandika hili nisije nikajisifu siku za mbele: sikuwa jasiri, nilikuwa siwezi kumwona mzee yule anajitia aibu mbele yao kwa ajili yangu, baada ya kukaa kwenye kiti kwa mara ya kwanza ndani ya nyumba hii.

"Sema kama ulivyonambia, Mama," nilisema.

Sikuwahi kumwita hivyo. Mama yangu aliinama.

Basi akasema. Tangu Ijumaa mpaka Jumatatu, usiku na mchana. Ziwa la kulia la Seif, la kushoto la Juma. Seif alikuwa mlafi, alikuwa anashika ziwa kwa mikono miwili. Mwaka uliofuata alimzaa binti, hakuishi, na maziwa ya yule binti ndiyo nikapewa mimi. Hakupandisha sauti wala hakulia. Hili la binti sikulijua. Miaka yote, na sikulijua.

Mmoja wa wale wanawake akamuuliza, kwa ukali, kwa nini hukusema watu walipoposana?

"Hamkuniuliza," alijibu.

Bi Thuwaiba alimshika mkono akaufunika kwa wake wote miwili. Alisema ulimlea mwanangu nami sikujua hata kukushukuru, na hapo ndipo akalia. Mama aliondoka kwenda jikoni. Nilisikia vyombo vinagongana.

Imekwisha. Wameondoka na hariri.

Ijumaa, 23 Julai

Nimelala mchana kutwa. Somo alikuja, akanikuta nimegeukia ukuta, akaondoka na singo yake.

Namchukia kila mtu isipokuwa Bi Mizi, na kwa saa moja nilimchukia na yeye pia.

Jumatatu, 26 Julai

Skuli. Walimu wenzangu wamejua, mji huu hauna kuta. Wanazungumza nami kwa upole kama nimeugua. Afadhali wangenicheka.

Nimempa Mwalimu Mkuu kurasa zangu mbili. Zimo aia ya fundi na aya ya jirani, na sikuamua nani mkweli, nimeandika kwamba neno lilitembea na watu, na kila walipotua wakaligawia kazi waliyokuwa nayo. Wamo Wagiriki, Wamalei, Manila. Yupo yule kaka wa Kimanyema aliyebaki. Mturuki wa Seif nimemtia vilevile, mtembea kwa miguu. Mwalimu Mkuu alisoma papo hapo, akasema insha ni nzuri ila ya huzuni mwishoni. Nimemwambia aifupishe kama anataka. Hakuifupisha.

Alhamisi, 29 Julai

Leo ingekuwa leo, siku ya harusi. Nimekwenda Mtoni na Mama. Yeye ndiye aliyesema twende. Alibeba iliki na kilo mbili za sukari, akampa Bi Mizi kwa mikono miwili. Walichambua mchele pamoja.

Jumanne, 10 Agosti

Skukuu pili ya Idi.

Asubuhi wageni, watoto na nguo mpya, mimi na kanga ya nyumbani, nywele wazi, nagawa chai. Saa tano nikasikia hodi ya mwanamume chini. Sauti sikuijua. Abdalla akasema karibu, panda. Nikarukia buibui langu lililo ukutani, ndiyo mazoea.

Mama akasema kutoka jikoni, kwa sauti ya kawaida, "Liache. Ni ndugu yako."

Nikaliacha lining'inie. Seif aliingia na mama yake nyuma. Kanzu nyeupe, kofia mkononi. Mwaka mzima wa uchumba tumeandikiana, na hakuwahi kuniona uso. Leo amenitazama mzima, uso, shingo, nywele, kwa haki yake. Amenitazama kwa sababu hawezi kunioa. Nami nilimtazama. Ana mvi moja juu ya sikio, mtu wa miaka ishirini na minne.

Alinipa mkono wa Idi. Mkono mkavu, wa mtu anayeshinda juani. Kijipele nilikiona kwenye mkono wa pili, nikatazama pengine.

Alikaa. Bi Thuwaiba alizungumza na Mama habari ya bei ya nyama. Nikamtilia chai, nikamuuliza sukari ngapi. Alisema kijiko kimoja. Sikulijua hilo, barua hazisemi mambo kama hayo. Aliniuliza kijitabu kimetoka. Nikasema mwezi ujao. Akasema atanunua viwili.

Wakainuka. Mlangoni akasimama, akanisubiri nimuage kwanza mimi, nikaitazama kofia mkononi mwake. Basi akasema, "Kwa heri, Rahma," na akashuka ngazi polepole, kwa miguu mizito.

Mama ameosha vikombe. Chake nimekiosha mwenyewe.